Dubu-maji amekakamaa katikati ya video: amekufa, amelala, au mimi ndiye ninayemuua?

#1 Msitu_wa_Magamba
Wakuu, salaam.

Nina hadubini ya mtumba, ile ya shule ya lenzi tatu. Nimeifungia taa ya LED chini, mahali pa kile kioo cha kuakisi jua. Nakwangua yale majani mafupi ya kijani yanayoota kwenye kuta zenye unyevu (huku Lushoto kila ukuta unayo), naloweka kwenye kisahani usiku kucha, asubuhi nayakamua, na kwenye tope linalotuama nawapata dubu-maji. Ni vile viumbe vya miguu minane, urefu robo hadi nusu milimita. Kuwapata si tabu tena. Kwa ukuzaji wa 40 unawaona wakitambaa, kwa 100 unaanza kuona kucha.

Tabu ni video. Namweka kwenye slaidi, nafunika kwa kioo chembamba, nabana simu kwenye lenzi ya macho, narekodi. Mwanzoni anachapa mwendo vizuri kabisa. Ikifika nusu saa au zaidi anapunguza, anavimba, anajinyoosha urefu wake wote, miguu inakakamaa, basi. Ukigonga slaidi hashtuki. Na si kile kipipa wanachojikunja wakikaukiwa, maana maji bado yapo.

Mitandaoni kila video inasema mnyama huyu hafi: moto, barafu, anga za juu. Wangu anashindwa na kipande cha kioo. Nipeni maelezo.

#2 Nyuki_Mkali
Nimeingia mbio nikijua kuna dubu ameonekana Usambara. Haya, weka video tuone.

#3 Maskati_Leo
Nimeweka kambi hapa. Endeleeni.

#4 MwalimuMpole
Mleta mada, amekosa hewa. Dubu-maji hana mapafu wala matamvua, oksijeni inapita kwenye ngozi tu. Ukishamfunika na kioo, yuko ndani ya tone dogo ambalo hewa inaingia kwa pembeni peke yake. Na havuti peke yake: lile tope ulilomchota nalo limejaa bakteria, nao wanavuta. Oksijeni ikishuka sana anashindwa kudhibiti maji yanayoingia mwilini, ndiyo huko kuvimba na kukakamaa unakokuona.

Inua kioo taratibu, ongeza maji mapya, mwache kwenye kisahani kipana. Wengi huamka baada ya saa kadhaa. Ukimwacha hivyo siku nyingi, haamki.

#5 FundiRedio
Mwalimu nakuheshimu, ila mimi naanza na taa. Hizi LED za kubandika chini ya meza ya hadubini watu wanazifunga bila bati la kupoza joto. Weka kidole juu ya slaidi baada ya nusu saa utaniambia. Tone la maji kiasi kile linapata moto haraka kuliko unavyodhani. Mnyama wa Lushoto kazoea baridi, unampika.

#6 Nyuki_Mkali
Anapikwaje na tumeambiwa anaishi kwenye moto? Kuna mtu hapa anaongopa.

#7 BaridiTupu
Ndugu zangu, niko Minnesota, huku majira ya baridi hata mimi nakuwa kipipa 😂. Ila tusimdhalilishe huyu mnyama. 2007 walirushwa na chombo cha angani cha FOTON-M3 wakakaa siku kama kumi nje kabisa, hakuna hewa, wakarudi hai. 2019 kuna chombo cha Waisraeli, Beresheet, kilianguka mwezini kikiwa nao. Wako kule sasa hivi wanaishi. LED ya FundiRedio haiwezi kumfanya kitu.

#8 Kaskazi
#7 umechanganya mambo mawili, na ndiyo mkanganyiko wa mleta mada pia.

Sifa nyingi kati ya hizo ni za dubu-maji ALIYEKAUKA. Akikauka polepole anajikunja kuwa kipipa, anapoteza karibu maji yake yote, shughuli za mwili zinakaribia kusimama. Huyo ndiye aliyekwenda angani. Na hata huko, waliokutana na utupu mtupu walirudi vizuri, lakini waliopigwa na mionzi ya jua moja kwa moja wakasalia wachache sana.

Dubu-maji aliye majini anatembea ni mnyama wa kawaida. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walimpima Ramazzottius varieornatus, spishi inayosifiwa kwa ugumu. Walio hai majini, nusu yao walikufa kwenye nyuzi 37.1 kwa saa 24. Waliokauka, kwa saa moja, ilibidi joto lipande mpaka karibu nyuzi 83 ndipo nusu wafe. Kwa hiyo FundiRedio hajasema upuuzi, ingawa nusu saa si saa 24.

Mwezini "hawaishi". Hakuna maji ya kimiminika kule. Wakiwa wapo ni vumbi kavu lililosinzia. Halafu mwaka 2021 kuna jaribio lililofanyika Chuo Kikuu cha Kent: waliwagandisha dubu-maji wakawafyatua kwa bunduki maalumu ya gesi kwenye shabaha ya mchanga. Walipona mpaka mwendo wa takriban mita 900 kwa sekunde. Zaidi ya hapo walipatikana vipande vipande.

#9 Nyuki_Mkali
Wazungu walipakia dubu kwenye bunduki?? Halafu sisi tunaambiwa hatuna bajeti ya maabara.

#10 BaridiTupu
#8 nimekusoma. Ila ile ya miaka 120 huwezi kuipinga: jani la makumbusho lililowekwa miaka 120, wakaliloweka, dubu wakatoka wakitembea.

#11 Kaskazi
Hawakutembea. Taarifa ile ni ya 1948, huko Italia, na kilichoandikwa ni kwamba mmoja alionekana kutikisa mguu. Hakufufuka. Rekodi yenye ushahidi mzuri ni ya Wajapani: majani yaliyochukuliwa Antaktika mwaka 1983, yakagandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri, yakafunguliwa 2014. Wawili wakaamka na yai moja likaanguliwa. Miaka thelathini na ushee. Hiyo inatosha kumpa heshima, hatuhitaji kuongeza chumvi.

#12 Bint_Unguja
Mbona hakuna aliyeuliza maji gani? Mimi mwaka juzi nilikuwa naloweka kwa maji ya bomba, siku yakija na harufu ya dawa wote wanalegea, hata rotifa (vidudu vingine vidogo vya majini) wanafunga duka. Nikahamia maji ya mvua, shida ikaisha. Maji ya chupa nayo angalieni, mengine yana chumvichumvi nyingi.

#13 Limuru_Ukungu
Sasa wadau. Mimi huwapata kwa mawe ya ua huku Limuru, baridi na ukungu kila asubuhi, hawakosi.

Nina maelezo tofauti kabisa: huenda anabadilisha ngozi. Dubu-maji anajivua ngozi mara nyingi maishani, na kabla ya hapo anatema vifaa vyote vya mdomoni, zile sindano mbili za kutobolea chakula na koo lake. Wakati huo hali, amenyooka, amezubaa, ukimwona utasema ni maiti. Inachukua siku kadhaa. Angalia kichwani kwa ukuzaji wa 400: ukiona sindano na kile kibofu cha duara cha kufyonzea, hayuko kwenye hali hiyo. Ukikuta kichwa kitupu, mwache amalize shughuli zake.

Hata mimi niliwahi kurekodi mmoja muda mrefu nikingoja aamke. Mke wangu akaja kuchungulia akauliza mbona ni mwangavu hivyo. Ilikuwa ngozi tupu yenye mayai matatu ndani, mwenyewe alishaondoka zamani.

#14 Nyuki_Mkali
😂😂 Shemeji apewe shahada.

#15 MwalimuMpole
#13 hoja nzuri, lakini mleta mada anasema mwanzoni alikuwa anatembea vizuri, kisha ndani ya nusu saa akavimba. Kujivua ngozi hakuji ghafla hivyo. Na wa kwako hawavimbi, wanarefuka tu. Bado nasimamia hewa.

#16 Limuru_Ukungu
Mwalimu, amesema "anapunguza, anavimba", hajasema ni dubu mmoja wala ni kila dubu. Tumwache aseme.

#17 Msitu_wa_Magamba
Asanteni wote. Majibu kwa mkupuo:

Maji ni ya mvua, nakinga kwenye ndoo kutoka batini. Taa ni ya wati moja, slaidi nimeigusa, ni vuguvugu kidogo, si moto. Kujivua ngozi: nimerudia video mbili, sindano zinaonekana wazi.

Nimefanya alivyosema Mwalimu, nikainua kioo, nikaongeza maji, nikawaacha kwenye kisahani usiku. Mmoja asubuhi anatembea, tena kwa jeuri. Wa pili amebaki vilevile, siku ya pili kaanza kuoza, bakteria wamemzunguka. Slaidi moja, taa moja, maji yaleyale. Wote wawili walikakamaa kwa namna moja. Sasa mniambie.

#18 Chembe_Hai
Hao wawili ni spishi moja? Usidhani dubu-maji wote ni wamoja, zimeshaorodheshwa zaidi ya 1,300. Kwenye jani moja la ukuta unaweza kukuta Macrobiotus mweupe, Milnesium mkubwa anayewinda rotifa, na Echiniscus mwekundu mwenye magamba mgongoni. Kila mmoja ana uvumilivu wake. Wanaoishi kwenye majani yanayokauka kila siku wanapata hewa tele, kwa hiyo wakizama kwenye maji yaliyotulia wanapata shida mapema kuliko wale wa kwenye madimbwi. Weka picha ya kucha.

#19 Msitu_wa_Magamba
Aliyeamka ana madoa mawili meusi ya macho. Aliyekufa sikumwona macho. Rangi zote nyeupe-kijivu. Kucha sina picha nzuri, kina cha lenzi ni kidogo mno: ukilenga mguu, kichwa kinapotea.

#20 Mlalahoi_2
Samahani kwa kuingilia wasomi. Hivi vidudu si vinaingia kwenye maji ya kunywa? Nyumbani tunakinga hayohayo ya batini.

#21 Chembe_Hai
Vinaingia na umeshavinywa sana. Havina ugonjwa unaojulikana kwa binadamu. Kwenye maji ya batini ogopa kinyesi cha ndege, chemsha. Na kwenye mfereji wa bati ndiko mambo haya yalikoanzia: mwaka 1702 Leeuwenhoek wa Uholanzi alichukua vumbi kavu la mfereji wa paa, akalitia maji, viumbe vikaamka. Vya kwake walikuwa rotifa. Dubu-maji aliandikwa mara ya kwanza 1773 na mchungaji Mjerumani, Goeze, na ndiye aliyemwita dubu mdogo wa maji.

#22 Maskati_Leo
Mchungaji mzima anachungulia tope. Waumini walisemaje?

#23 Nyuki_Mkali
Msisahau mleta mada yuko Magamba. Magamba hiyohiyo aliyosoma Erasto Mpemba, 1963 akaona maziwa ya moto ya aiskrimu yanaganda kabla ya ya baridi. Alipokuja kumuuliza mgeni wa chuo kikuu wenzake wakamcheka. Kwa hiyo mimi sicheki mtu wa Magamba, nangoja tu huyo dubu apewe jina lake.

#24 FundiRedio
Turudi kwenye video, maana kichwa cha uzi ni video. Msitu, kwenye ile uliyoniwekea kule ndani kuna mistari myeusi inayoshuka kama pazia. Hiyo ni taa inayopepesa. Nenda kwenye mpangilio wa kamera, si wa kujiendesha, ule wa mkono.

#25 BaridiTupu
Hilo nalijua, lilinisumbua. Weka kasi ya shata 1/60 au 1/120, mistari inakwisha.

#26 FundiRedio
Kwako Minnesota, ndiyo. Umeme wenu ni mizunguko 60 kwa sekunde. Tanzania na Kenya ni 50, kwa hiyo taa inapepesa mara 100 kwa sekunde. Huku weka 1/50 au 1/100. Akiweka 1/60 yako mistari itabaki palepale. Njia rahisi zaidi: taa iende kwa pawabenki badala ya umeme wa ukutani, mradi haina kile kitufe cha kupunguza mwanga, maana vingine navyo vinapepesa.

Jambo jingine, shikilia kidole kwenye kioo cha simu mpaka mwanga na fokasi vijifunge. Usipofunga, kila dubu akisogea simu inatafuta upya na picha inapumua. Na usikuze kwa vidole, sogea kwa lenzi. Lenzi ya 10 inatosha kwa kazi nyingi. Ile ya 100 ya mafuta achana nayo, utambana mnyama kwa kioo kabla hujamwona.

#27 Bint_Unguja
Kuhusu kumbana: pakeni mafuta mazito ya kujipaka, kidogo sana, kwenye pembe nne za kioo chembamba. Kinasimama juu ya vinundu vinne, dubu anapata nafasi. Na mkitaka picha nzuri, kateni kikaratasi cheusi cha duara mkiweke katikati chini ya kondensa (lenzi ya chini ya slaidi inayokusanya mwanga). Mwanga unakuja kwa pembeni, dubu anang'aa kwenye giza na kucha zinaonekana vizuri sana.

#28 Kaskazi
Tena kwenye kioo kitupu hawezi kutembea, anateleza. Angalieni video zenu, anakanyaga hewa. Mwaka 2021 kuna timu ilichapisha uchunguzi wa mwendo wake, ikabidi wamtandikie utando laini wa jeli ndipo atembee sawasawa. Wakakuta anapanga miguu kama mdudu wa kawaida, ingawa mdudu ni mkubwa kumzidi karibu mara laki tano. Jozi sita za mbele... samahani, miguu sita ya mbele inatembea, ile miwili ya nyuma inashikilia tu.

#29 Mlalahoi_2
Jeli hiyo si ndiyo inatoka kwenye mwani wa kina mama wa Paje? Basi tuna mali.

#30 Bint_Unguja
Hapana ndugu yangu. Mwani wa Paje na Jambiani ni ule wa spinosamu na kotoni, unatoa karajinani, ute wa kuongeza uzito, inakwenda kwenye dawa za meno na maziwa. Jeli ya maabara iliyozoeleka ni aga, inatoka kwenye mwani wa aina nyingine, na ile ya utafiti wa Kaskazi ilikuwa ya kemikali (poliakrilamaidi), haitoki kwenye mwani kabisa. Bei ya mwani kwa mkulima nayo uzi wake peke yake, nisianze.

#31 Mlalahoi_2
Anza tu, wengine tumo kwa hilo.

#32 MwalimuMpole
Fungueni uzi mwingine, jamani.

Msitu, jaribu hivi. Slaidi mbili, dubu kutoka kisahani kimoja. Moja weka tope lake lote. Nyingine msafishe kwa maji mapya mara mbili, umtie na kijani kibichi kidogo kutoka kwenye lile jani. Kijani kikipigwa na taa kinatoa oksijeni. Kama wa tope anakakamaa na wa kijani anaendelea kutembea, hewa.

#33 FundiRedio
Na kama wote wanakakamaa kwa pamoja, taa. Weka ya tatu gizani ukipima muda.

#34 Chembe_Hai
Mnasahau kukauka kwa pembeni. Maji yakipungua kwenye ukingo wa kioo, chumvi za tope zinabaki zinazidi kuwa kali. Tone la nusu saa si tone la mwanzoni.

#35 MwalimuMpole
Chumvi ikizidi nje, maji yanatoka mwilini. Angesinyaa. Wake anavimba.

#36 Chembe_Hai
Isipokuwa mtu anayeongeza tone la maji ya mvua kila anapoona ukingo unakauka. Hapo ghafla nje kunakuwa maji matupu. Msitu, huwa unaongeza?

#37 Msitu_wa_Magamba
Naongeza, ndiyo. Si kila mara.

#38 Limuru_Ukungu
Na hao waliokakamaa, ni wale ulioongezea au wale hukuongezea?

#39 Msitu_wa_Magamba
Kwenye video moja mkono wangu unaonekana ukiongeza. Nyingine sijui, nilikata mwanzo ili iwe fupi.

#40 Nyuki_Mkali
Umekata ushahidi wa mahakama ili upate laiki.

#41 Maskati_Leo
Mimi nimehamasika. Nina hadubini ya karatasi, Foldscope, inakuza mara 140. Huku Maskati hakuna ukuta wenye kijani, jua linachoma mpaka zege. Nianzie wapi?

#42 Chembe_Hai
Tafuta magamba ya kijivu au ya njano kwenye miti na mawe, kuvumwani. Yanayokauka kabisa ndiyo mazuri, dubu wako humo wakiwa vipipa. Beba kwenye bahasha ya karatasi, usitumie mfuko wa plastiki, utaota ukungu. Ukiloweka wape saa chache kabla ya kukata tamaa. Na ukimaliza usiwakaushe juu ya kioo kitupu ukitegemea wataamka, wakikauka haraka hivyo wengi wanakufa. Warudishe kwenye jani.

#43 Maskati_Leo
Shukrani. Foldscope inakubali kioo kilichosimama juu ya vile vinundu vya mafuta vya Bint Unguja, au itabana?

#44 Bint_Unguja
Sijaishika. Kama nafasi ya lenzi ni ndogo weka vinundu vyembamba zaidi, au tumia unywele mmoja kila upande badala ya mafuta. Mwenye nayo aseme.

#45 Msitu_wa_Magamba
Slaidi tatu za Mwalimu na FundiRedio nimeziandaa, narekodi bila kukata. Ila vioo vyembamba vimeniishia, na Lushoto mjini hakuna. Nani anajua duka la vifaa vya maabara Tanga au Moshi linalouza pakiti moja, si katoni?